Kasha la Mjomba: Zana Zilivyosema Alikuwa Fundi wa Gari Gani

Nilipofika Malindi ya Unguja asubuhi ile, mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu ilikuwa imeshatundikwa kwenye boriti ya barazani, na mkokoteni wake umeegeshwa ukutani. Arubaini ya mjomba ilikuwa imepita siku tatu. Warithi walishagawana makubwa bila ugomvi, Alhamdulillahi. Kilichobaki ni kasha la njumu lililokaa chini ya ngazi miaka yote. Kasha lenyewe mkaza mjomba alisema haliuzwi. Vilivyomo ndani ndivyo vilivyotandazwa mkekani: vyuma vyenye mafuta na kutu, vingine vimefungwa kwa vipande vya kanga, vingine kwa gunia la karafuu. Kwa mizani ile, kilo 31.

Niliitwa kwa kuwa mimi ni makanika, nina gereji yangu Mwanakwerekwe, na ndiye mpwa. Binamu yangu mkubwa alitaka jambo moja tu: nichague vinavyonifaa kazini, vingine vipimwe viondoke.

Mkaza mjomba alikuwa na lake. Mjomba alikaa Nairobi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1970, na barua alizokuwa akileta zilisema anatengeneza "magari ya mbio". Watoto wake walikua wakiamini kuwa baba yao alikuwa fundi wa Safari, yale mashindano ya Afrika Mashariki yaliyoanza mwaka 1953. Walipopata akili za utu uzima, wakaona hakuna picha wala cheti, wakaingia shaka. Wakawa wanasema mzee alitia chumvi, kwamba kazi yake ilikuwa teksi za Morris kama mafundi wengine wa zama zile. Mama yao hakuwahi kubishana nao. Siku ile akaniuliza mbele ya wote: "Mwanangu, wewe hivi unavijua. Mjomba wako alikuwa akifanya nini huko bara?"

Nikamwomba mnunuzi atupe muda mpaka alasiri. Ikawa siku mbili, na ninamshukuru kwa uungwana wake.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumzuia mtoto wa binamu asipige msasa. Alikuwa ameshashika kipande, anataka ving'ae ili bei ipande. Hewa yetu ya chumvi inaweka kutu ya juu juu hata kwenye chuma kizuri, na chini ya kutu hiyo ndiko kwenye maneno: herufi zilizopigwa kwa muhuri, na zaidi ya herufi, mahali chuma kilipolika kwa kazi. Msasa unafuta vyote kwa pamoja. Tukatumia mafuta ya taa, mswaki mkuukuu na kitambaa, kitu kimoja kimoja. Na nikawaomba wote waliokuwepo wasikimbilie jina. Ukishakipa kifaa jina la uongo, macho yako yanaanza kulitafutia ushahidi. Tujiulize tu: mkono unakishika wapi, kinagusa nini, kimelika upande gani?

Nilianza na spana, kwa sababu spana ndiyo inayotaja nchi na zama.

Kijana yule wa msasa alichukua moja iliyopigwa 1/4 W, akaipima mdomo kwa rula ya skuli. Mdomo ukapita nusu inchi. Akasema imeandikwa kimakosa. Haikukosewa. W ni Whitworth, utaratibu wa hesi, ile mizunguko ya skrubu na nati, uliowekwa na Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841, na katika utaratibu huo namba iliyo kwenye spana haisemi upana wa mdomo, inasema unene wa bolti. Bolti ya robo inchi ina kichwa cha inchi 0.525, kiasi cha milimita 13.3. Spana iliyoandikwa 1/2 AF inakwenda kinyume chake: namba inasema upana wa kichwa, bapa kwa bapa, nusu inchi kamili, yaani milimita 12.7. Sasa lete pembeni spana yetu ya kila siku, namba 13 ya milimita. Tatu hizo kwa jicho ni kitu kimoja. Kwenye nati ya kutu ni vitu vitatu mbalimbali. Ile 13 ukiitia kwenye nati ya nusu inchi inaingia vizuri, inashika, inakupa moyo, halafu inapanda juu ya pembe na kuziviringa. Nilipokuwa mwanafunzi gerejini niliviringa nati nne kwa siku moja namna hiyo, kwenye Land Rover ya zamani. Aliyenifundisha hakunitukana. Alinipa tindo na tupa, akaniambia nitoe nilichokiharibu. Nilitoka pale saa mbili usiku. Tangu siku hiyo sigusi nati ya gari la zamani kabla sijajua imezaliwa kwa kipimo gani.

Kwenye mtoto wa siri wa kasha, ule unaofunguka kwa kuvuta kibao cha pembeni kwanza, tulikuta spana ndogo sana zimefungwa pamoja kwa mshipi wa kuvulia. Zilipigwa 0 BA, 2 BA, 4 BA. Binamu alidhani ni herufi za jina la mtu aliyezimiliki kabla. BA ni British Association, hesi nyembamba za kazi ndogo. Namba ikipanda, bolti inapungua: 0 BA ina unene wa milimita 6, na kila namba inayofuata ni nyembamba zaidi. Nati ya 2 BA ina upana wa milimita 8.2. Spana 8 inaikataa, 9 inacheza juu yake. Hesi hizi utazikuta kwenye vyombo vya umeme vya Lucas na kwenye skrubu ndogo za kabureta za SU, kabureta ikiwa ndiyo inayochanganya hewa na petroli kwa ajili ya injini. Mtu hatembei nazo bure, wala hazifichi kwenye mtoto wa siri kama hazimlishi.

Kilo 31, na spana ya milimita hata moja haikuwemo. Hapo nilikuwa karibu kutamka kwamba mzee hakugusa injini yenye hesi za milimita maishani mwake. Nikajikumbusha MG, magari madogo ya spoti ya Kiingereza, zile za mfululizo wa T, mathalani MG TD iliyotengenezwa hadi mwaka 1953. Injini yake, XPAG ya sentimita za ujazo 1250, ina hesi za milimita ndani na vichwa vya bolti vya kipimo cha Whitworth nje. Sababu yake ni historia ya kiwanda. Wafaransa wa kampuni ya Hotchkiss walifungua kiwanda Coventry wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mashine zao za kukatia hesi zilikuwa za milimita. Morris alikinunua mwaka 1923, mashine zikaendelea na kazi, lakini vichwa vikachongwa vya Kiingereza ili mwenye gari atumie spana alizonazo. Kwa hiyo spana inakuambia kichwa tu. Ukitaka kujua kiwiliwili, toa bolti uipime hesi.

Nilichoweza kusema kwa uhakika ni hiki: spana za AF ndizo zilizolika midomo na kung'aa mipini, na za Whitworth zilikuwa chache, bado zina weusi wa kiwandani. Fundi huyu aliishi zaidi na magari ya Kiingereza yaliyokuja baada ya viwanda vyao kuhamia hesi mpya za inchi, ambazo spana zake ni za AF, si yale ya kabla ya vita.

Kilifuata kizito kimoja chenye skrubu nene katikati, kimepigwa 18G 304. Kijana akasoma gramu 18, na mwenyewe akaona haiwezekani, maana alikuwa amekibeba kwa mikono miwili. Herufi 18G ndizo zinazotangulia namba za zana maalumu za BMC, muungano wa viwanda vya magari vya Kiingereza uliozaliwa mwaka 1952 kwa kuunganisha Austin na Morris na ndugu zake, MG wakiwemo. Manueli ya karakana ya zama hizo haisemi "tafuta pula", inasema chukua 18G namba fulani. Hii 304 ni ya kuvulia habu, yaani vitovu vya magurudumu. Binamu akafurahi: "Basi ni Morris!" Kwa haki, hapo alikuwa na hoja. Pula hii inafanya kazi kwenye magari mengi ya familia ile, makubwa na madogo. Imethibitisha ukoo, haijathibitisha mtu.

Mkaza mjomba ndiye aliyeugeuza mjadala. Aliingia ndani, akarudi na vyuma viwili vizito vya kromu iliyobabuka, kila kimoja na masikio mawili yaliyotandaa kama mbawa. Vilikuwa vikizuia pazia la mlango wa uani lisipeperuke na kaskazi, na watoto wote watano walikua wakivikanyaga. "Na hivi je?"

Nikavipokea kwa mikono miwili. Hizo ni nati za magurudumu ya spoku. Gurudumu la namna hiyo halifungwi kwa bolti nne. Linaingizwa kwenye habu yenye meno, halafu nati moja kubwa inaingia katikati na kukazwa kwa kupigwa nyundo kwenye masikio. Kila nati ilikuwa na mshale na neno la Kiingereza la kufungulia, na upande wake wa gari: moja ya kushoto, moja ya kulia.

Nikaitafuta nyundo. Ilikuwepo, na binamu alikuwa ameshaiweka kwenye fungu la kupimwa: uso mmoja shaba nyekundu, uso wa pili ngozi ngumu iliyokunjwa. Nyundo ya shaba si ya kupigia msumari. Shaba ni laini kuliko kromu na chuma, kwa hiyo inaumia yenyewe na kuiacha nati salama. Na hii ilikuwa imeumia kweli. Uso wake wa shaba ulitanuka kama uyoga, na katikati yake kulikuwa na bonde jembamba lililopinda kidogo. Nikachukua nati ya pazia, nikalilaza sikio lake ndani ya bonde lile. Likakaa. Nilimpa binamu ajaribu mwenyewe, akajaribu mara mbili, hakusema kitu.

Kuhusu nati hizi kuna jambo ambalo kila fundi anayekutana na gari la spoku anapaswa kulijua kabla ya kuinua nyundo, kwa sababu kulikosea kunaua. Hesi za pande mbili hazifanani. Upande wa kushoto wa gari zina hesi ya kawaida, upande wa kulia zina hesi ya kushoto. Kwa pande zote mbili nati inafunguka kwa kuzungushwa kuelekea mbele, kule gurudumu linakozunguka gari likienda. Wengi wanadhani ni makosa, akili inawaambia kwamba mwendo utaifungua nati. Kwa utaratibu huu wa kampuni ya Rudge-Whitworth ni kinyume: gurudumu linapobeba uzito na kuchezacheza kidogo juu ya koni ya habu, nati inavutwa upande wa kukaza. Fundi "akisahihisha" kwa kuhamisha habu za kushoto ziende kulia, magurudumu yatajifungua yenyewe njiani. Kwa hiyo mshale ule usifutwe kwa msasa hata kidogo, na nati za pande mbili zisichanganywe kwenye ndoo moja.

Kando ya nyundo kulikuwa na spana ya pete, nzito, yenye tundu la pembe nane, pana kuliko kiganja. Binamu wa pili, anayefanya kazi bandarini, alisema ni ya kifuniko cha tangi la meli. Nilipoliona umbo la pembe nane nikajua ni ndugu wa nyundo ile. Marekani ilipiga marufuku masikio yanayotokeza kwenye magurudumu ya magari mapya kuanzia Januari 1968, kwa kuhofia waendao kwa miguu. Watengenezaji wakaleta nati isiyo na masikio, yenye pembe nane, na nyundo haina pa kuipiga. Ndipo ilipozaliwa spana hii. Mtu mwenye nyundo iliyochoka na spana ya pembe nane katika kasha moja amehudumia magari ya spoku ya pande zote mbili za mabadiliko hayo. Na Morris ya teksi haikuwa na spoku.

Vingine nilivipitia haraka. Kijiufunguo kidogo chenye mipasuo ukingoni ni cha kukazia spoku moja moja, mfano wa kile cha mafundi baiskeli ila kinene zaidi. Chuma kirefu chenye makali yaliyonyooka kama mifereji ni cha kusafishia bushi za kingipini baada ya kuzipachika, ili pini iingie bila kulazimishwa. Kishikizo kikubwa cha mfano wa herufi C ni cha kubania springi za vali. Kulikuwa pia na patasi ya mviringo yenye kucha pembeni, ambayo shangazi mmoja alidhani ni ya kukatia vitumbua. Hiyo inatoboa turubai kwa ajili ya vifungo vya paa la kukunja: tundu la katikati na vipasuo vya kucha kwa pigo moja. Paa la kukunja, kumbuka. Hiyo nayo niliiweka upande wa mkaza mjomba.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho mnunuzi angekitupa mkokotenini bila kukitazama: kipande cha shafti ya gia, kimekatwa kwa msumeno wa mkono, na mkato umelainishwa kwa tupa. Kwa anayetazama, ni takataka ya gereji. Lakini kata ile ilikuwa imepigwa tupa kwa uangalifu, kingo zote zimevunjwa makali ili zisikate kiganja. Mtu halainishi takataka. Hiyo ni zana aliyojitengenezea mwenyewe: unapofunga sahani ya klachi, lazima ikae katikati sawasawa, la sivyo gea boksi haitaingia mahali pake hata ukiisukuma watu watatu. Kipande cha shafti kutoka gea boksi iliyokufa kinapita kwenye meno ya sahani na kutua kwenye bushi ya nyuma ya krenki, sahani inakaa, unakaza bolti, unachomoa. Niliishika mkononi muda mrefu kuliko zote. Nyingine zilitengenezwa na kiwanda. Hii aliitengeneza yeye.

Kilichotushinda siku ya kwanza ni kitu chepesi kilichofungwa kwa kanga peke yake, mbali na vyuma. Pete ya aluminiamu yenye mpira upande mmoja, katikati ina kisahani kinachozungushwa kikasogea mbele na nyuma, na ubavuni pana kigae chembamba cha kioo kilichosimama. Ndani ya kigae kuna tembe ndogo nyekundu. Karatasi ya jina ilishabanduka. Mimi nilisema ni kipimo cha gesi ya kuchomelea, na nilisema kwa uhakika, maana vile vya gesi navyo vina mpira mdogo unaopanda ndani ya kioo. Binamu yangu wa kike, muuguzi, akasema kinafanana na vile wanavyopewa wagonjwa wa pumu kupima pumzi. Kila mmoja alikiona kwa macho ya kazi yake, na ndilo kosa nililowakataza wengine asubuhi.

Yeye alikuwa mwepesi wa kujirekebisha kuliko mimi. Alikinusa kwanza. "Hiki kina petroli, si cha hospitali." Halafu akakipuliza kwa upande wa mpira. Tembe haikutikisika. Akazungusha viganja pembeni ili hewa isivuje, akavuta pumzi kwa upande uleule. Tembe ikapanda. Akatutazama. "Hakitaki kupulizwa. Kinataka kuvutwa." Gesi ya kuchomelea inatoka kwenye mtungi kwa msukumo. Kwenye gari, kinachovuta hewa ni kitu kimoja.

Kesho yake nilikichukua gerejini. Kulikuwa na Land Rover ya mteja, nikatoa bomba la filta, nikawasha, nikaiacha injini sailensa bila kukanyaga mafuta, nikakikandamiza kile kifaa kwenye mdomo wa kabureta kigae kikiwa wima. Tembe ikanyanyuka ikasimama katikati ya kioo ikitetemeka. Nikazungusha kisahani kupunguza nafasi: hewa ikapita kwa kasi zaidi, tembe ikapanda hadi juu, injini ikaanza kulalamika kwa kukosa pumzi. Muuguzi alikuwa karibu kabisa na ukweli. Ni kipimo cha pumzi, ila cha injini.

Lakini kwa nini mtu apime pumzi ya injini? Hapo ndipo penye uzito wa kisa. Injini yenye kabureta moja haihitaji kifaa hiki hata siku moja. Unasikiliza, unarekebisha, basi. Kifaa hiki, ambacho kinajulikana zaidi kwa jina la Unisyn, hakisemi hewa ni kiasi gani. Kinasema kama kabureta hii inavuta sawa na mwenzake. Unakiweka kwenye ya kwanza, unazungusha kisahani mpaka tembe isimame kati ya kioo, halafu bila kukigusa kisahani unahamia ya pili. Tembe ikisimama chini au juu ya alama ileile, unarekebisha skrubu ya sailensa ya kabureta hiyo hadi zilingane. Pasipo kulingana, silinda za mbele zinabeba mzigo na za nyuma zinabebwa, gari linatetemeka likisimama kwenye taa nyekundu, tena linakula mafuta bila sababu. Kwenye kanga ileile kulikuwa na plagi yenye kioo badala ya kaure, ya kutazamia rangi ya moto ndani ya silinda: manjano maana yake petroli imezidi, buluu iliyotulia maana yake sawa, buluu inayopauka kuwa nyeupe maana yake petroli haitoshi. Huyu alikuwa fundi wa kabureta mbili, na Morris Minor ya teksi ina moja.

Binamu mkubwa ni mtu wa haki, akabadilisha hoja. Ikiwa si teksi, basi ni Safari, kama tulivyoamini utotoni. Nilitamani kumkubalia. Lakini miaka ile Safari ilikuwa ya magari ya familia yaliyotiwa nguvu: Peugeot 404 ilishinda 1963, Ford Cortina 1964, Volvo ya Joginder Singh 1965, Peugeot tena 1966 hadi 1968. Ni magari yenye paa la bati na bolti za kawaida magurudumuni. Akanikumbusha Datsun 240Z iliyoshinda 1971 na 1973, gari la spoti, na kabureta zake ni mbili. Hoja nzuri, nami nilikuwa nimeifikiria usiku. Datsun ni ya milimita nati hadi nati. Usingeihudumia kwa kasha hili hata kwa siku moja.

Nikarudi kwenye maneno ya barua. Mjomba aliandika "magari ya mbio" kwa sababu Kiswahili chetu cha wakati ule hakikuwa na neno jingine karibu la gari dogo la Kiingereza la watu wawili, paa la turubai, magurudumu ya spoku. Aliwaandikia ukweli. Wao walisoma mashindano.

Gari lenyewe lilitajwa na kifaa kidogo kuliko vyote, kilichokuwa kwenye mtoto wa siri chini ya zile spana za BA: fila, vile vibapa vya chuma vya kupimia nafasi, kila kimoja na unene wake kwa sehemu za elfu za inchi. Nikavifungua kama upepo wa mkono. Kibapa cha 10, kinachotakiwa na vali za Triumph TR4, gari jingine la spoti la Kiingereza, kilikuwa kipya. Cha 12, cha Morris Minor, kina mafuta ya zamani yaliyoganda, hakikuguswa sana. Cha 25, cha nafasi ya plagi, kimechakaa ncha. Na cha 15 kilikuwa kimelika ukingo mpaka kimepungua upana, cheupe kama kijiko kilichosuguliwa kwa mchanga. Elfu 15 za inchi, milimita 0.38, ndiyo nafasi ya vali za MGB, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 1962 likiwa na kabureta mbili za SU na, kwa aliyetaka kulipia, magurudumu ya spoku. Na pointi za distribyuta yake ya Lucas zinataka kati ya 14 na 16, kwa hiyo kibapa hichohicho kinafanya kazi zote mbili, na fundi anayeijua gari hiyo hahangaiki kubadilisha. Anakifungua hicho kimoja asubuhi na kukifunga jioni.

Nilimweleza mkaza mjomba polepole, kitu kimoja kimoja, nikimpa ashike. Nyundo na sikio la nati. Kioo cha pumzi. Shafti iliyopigwa tupa. Alikuwa akiitikia kwa kichwa. Nilipofika kwenye fila akanyoosha mkono kabla sijamaliza. "Hii alikuwa akiitia mfuko wa shati. Nilikuwa nikizifua shati zake zina alama ya kutu hapa," akagusa kifua upande wa kushoto. "Nilidhani ni kalamu."

Mnunuzi alirudi jioni ya siku ya pili, akapimiwa kilo 9: soketi zilizopasuka, jeki iliyovunjika mguu, minyororo. Alilipa na kwenda zake. Warithi walikubaliana spana na zana za 18G zikae kwangu kwa amana, kila moja na kibandiko chake cha kitambaa kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, kipimo kwanza, kazi baadaye, jina mwisho. Nati mbili zilirudi kwenye pazia la uani, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia. Fila mkaza mjomba aliifuta kwa pindo la kanga, akaifunga, akairudisha mwenyewe kwenye mtoto wa siri.